Rozela: tunachochemsha si petali

Rozela, ambayo wengine huiita choya, ni mmea wa msimu mmoja, wa ukoo mmoja na bamia na pamba, unaopandwa kwa ajili ya kinywaji chekundu chenye uchachu na kwa majani yake yanayopikwa kama mboga chachu, yale ambayo Kinshasa huitwa ngai-ngai. Maana yake inaishia hapo. Linalohitaji maelezo ni usemi wa kila siku kwamba juisi hiyo hutengenezwa kwa "maua yaliyokaushwa", kwa sababu wapo wanaouamini kama ulivyo, wakachuma ua likiwa limechanua.

Ua la rozela lina petali, yaani yale majani laini ya ua lililochanua, za rangi ya maziwa au manjano hafifu, zenye doa jekundu lililokoza katikati, na hunyauka siku ile ile lilipofunguka. Petali hizo zinalika, na ukizitupia juu ya kachumbari zinapendeza, lakini hazina uchachu wa kutosha wala wekundu wa kutia rangi hata kikombe kimoja. Kinachokaushwa na kuuzwa sokoni ni sepali, yaani vile vifuniko vilivyolifunika tumba kabla ya ua kufunguka. Petali zikishaanguka, sepali hazinyauki, bali huendelea kunenepa kwa wiki 2 hadi 3, zikawa nyekundu, nene na chachu, zikiwa zimelizunguka tunda la kijani lenye mbegu. Mchumaji hulisukuma tunda hilo litoke kwa kijibomba chenye ncha, au hukata kitako kwa kisu, kisha huanika sepali peke yake. Akichelewa hadi tunda likauke na kupasuka, sepali huwa zimekakamaa.

Ndiyo maana pia haibiskasi ya mapambo, ile inayopandwa kuwa wigo, haiwezi kushika nafasi ya rozela jikoni, ingawa ni ndugu yake: petali zake ni nyekundu kweli, lakini sepali zake hubaki nyembamba na za kijani.

Anayeagiza "maua ya rozela" dukani hatakosa kupewa anachokitaka, na kwa tangawizi, mdalasini na sukari kinywaji chake kitakuwa kizuri vilevile. Ila mwenye mche bustanini tunamwomba aache petali zianguke kwanza, ndipo aanze kuhesabu wiki zake.