Klabu za huduma si vyama vya siri wala vya matajiri

Watu wakisikia Rotary au Lions, klabu za kimataifa za watu wanaojitolea kuhudumia jamii, wengi hudhani ni chama cha siri cha wenye fedha wanaokutana kila wiki kula na kupeana vyeo. Siri gani hiyo, ilhali mgeni hualikwa na mara nyingi ndiye anayepewa nafasi ya kuhutubia?

Mkutano wenyewe ni wa kawaida mno. Mwenyekiti hugonga kengele, wageni hutambulishwa, mzungumzaji hupewa dakika zake. Kisha huja sehemu ninayoiona ndiyo kiini: karatasi inazungushwa, kila mtu anaandika jina lake kwenye zamu. Nani atapokea wagonjwa kambi ya macho, nani atabeba viti, nani atawakumbusha watu damu itatolewa lini. Asiye na hela ana mikono, na mikono ndiyo huwa haba.

Kuhusu fedha, Lions wana kanuni kali: zinazochangwa na umma lazima zirudi kwa umma. Chakula na uendeshaji hulipiwa na ada za wanachama, katika akaunti tofauti.

Tuhuma moja, nikiri, ilikuwa na msingi: wanawake walizuiwa kwa miaka mingi. Lions walifungua mlango 1987, Rotary 1989. Na mahudhurio ya kila wiki? Tangu 2016 Rotary inaruhusu klabu kujipangia ratiba, mradi wakutane angalau mara mbili kwa mwezi.