Kwa nini hoja inayotoa jibu sahihi kwenye psql hukosea ndani ya programu

Mtayarishaji wa programu anaponiambia kwamba hoja yake ya SQL (swali linaloulizwa hifadhidata) inatoa jibu sahihi kwenye psql, zana ya kuandikia hoja za PostgreSQL kwa mkono, lakini inatoa jibu jingine inapoitwa na programu, simwombi kwanza anionyeshe hoja; humwomba anionyeshe kikao, yaani muunganisho mmoja na hifadhidata pamoja na mipangilio yake. Hifadhidata huyapokea maandishi ya hoja ndani ya kikao chenye mtumiaji wake, saa za eneo zake, orodha yake ya skima (makundi ya majedwali) za kutafutia majedwali, na aina za data ambazo draiva, yaani kiunganishi cha programu na hifadhidata, imezitangaza kwa kila kigezo. Kimoja kati ya hivyo kikibadilika, jibu laweza kubadilika ingawa maandishi hayajaguswa.

Nililielewa hili vizuri nilipokihudumia chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Kampala. Mhasibu alilalamika kwamba ripoti ya amana za siku ilikuwa pungufu, nami kila nilipoiendesha hoja ile kwa mkono niliona hesabu ikitimia hadi shilingi ya mwisho. Nilikagua msimbo wa Java kutwa nzima kabla ya kuitazama miamala yenyewe iliyokosekana: yote ilikuwa imetumwa kwa simu kati ya saa sita na saa tisa usiku. Uganda iko saa tatu mbele ya UTC, saa ya rejeo ya kimataifa. Seva ya PostgreSQL ilikuwa imewekewa `Africa/Kampala`, na psql ikaufuata mpangilio huo; lakini draiva ya JDBC, inayotumiwa na programu za Java, hukipa kikao saa za eneo za mashine pepe ya Java, ambayo kwetu ilikuwa ikitumia UTC. Kwa hiyo sharti la `created_at::date` lilipogeuza safu ya `timestamptz` (aina ya data ya wakati unaosomwa kwa saa za eneo za kikao) kuwa tarehe, amana za usiku zilirudishwa kwenye siku iliyotangulia. Hakuna fedha iliyopotea, na jumla ya mwezi ilitofautiana kwenye mipaka ya mwezi tu, jambo lililoficha kosa kwa muda mrefu.

Niliondoa ugeuzaji ule na kuandika mipaka miwili ya wakati, mwanzo wa siku na mwanzo wa siku inayofuata, kila mmoja ukiwa na `+03`. Faida ya ziada ni kwamba faharasa (index) ya kawaida ya `created_at`, inayoharakisha utafutaji, sasa inaweza kutumika.

Tatizo likiwa ni kasi, nachunguza kwingine. Kwa kawaida draiva hiyo ya JDBC huanza kutumia hoja iliyoandaliwa kwenye seva kuanzia mwito wa tano, na PostgreSQL, baada ya mipango mitano ya utekelezaji (njia za kuifikia data) iliyotengenezwa kwa thamani halisi, huweza kuhamia kwenye mpango wa jumla usiozijua thamani hizo. Mikopo mingi ikiwa hai na michache tu ikiwa imechelewa, mpango huo unaweza kuwa mbaya sana. Ukiendesha `EXPLAIN` (amri inayoonyesha mpango) yenye thamani zilizoandikwa moja kwa moja hutauona kamwe. Andaa hoja kwa `PREPARE`, kisha rudia `EXPLAIN ANALYZE EXECUTE` mara sita au zaidi. Tangu toleo la 12, `plan_cache_mode` hukuruhusu kulazimisha mpango mahususi, ule unaotengenezwa kwa thamani halisi.

Kabla ya yote hayo, mimi huiagiza programu yenyewe, kupitia muunganisho wake yenyewe, iandike kwenye faili lake la kumbukumbu (log) majibu ya `SHOW timezone`, `SHOW search_path` na `SELECT current_user`, kisha nayalinganisha na yale ya psql, mstari kwa mstari.