Kabla ya kuchagua sanaa kidato cha tano, fungua daftari la michoro

Kila tunapokutana na wazazi wa kidato cha nne hapa Kigoma, swali huwa lile lile: "Mwalimu, mwanangu anapenda kuchora ila mkono wake bado mzito. Akichukua sanaa za ufundi ataweza?" Nami huuliza: ana daftari la michoro? Sisemi lile safi la kuonyesha wageni. Nataka lenye madoa, mtumbwi mmoja umechorwa mara kumi, na pembeni mwenyewe ameandika "mbele imekuwa ndefu mno". Akiwa nalo, mkono tutaunoa.

Kinachochelewa ni jicho, na kwa jicho Kigoma imejaliwa. Nenda stesheni, mahali reli ya kati inapoishia tangu 1914. Pale inaponyooka, vyuma viwili vilivyo sambamba vinaonekana kusogeleana. Kwenye karatasi vinakutana juu ya mstari wa upeo, na mstari huo uko usawa wa macho yako: ukichuchumaa unashuka nawe, ukipanda kilima unapanda nawe. Kisha shuka ziwani siku ambayo mvua imesafisha hewa, milima ya Congo ikionekana. Ina miti, lakini kwa umbali ule hewa iliyo katikati hutawanya mwanga, nayo inaonekana ya buluu iliyofifia. Wanafunzi wangu wengi huipaka kijani kibichi, kwa sababu wanajua miti ni ya kijani, hata kama ng'ambo hawakuuona hata mmoja.

Ubunifu nao una nidhamu yake. Chukua mawese yetu, yanayouzwa kwenye chupa za maji zilizotumika. Mwanafunzi akiambiwa abuni lebo, wa kwanza atachora mchikichi mzuri na kumaliza. Wa pili ataenda sokoni Mwanga kukaa na mama muuzaji nusu siku. Atagundua kuwa mafuta huchuruzika shingoni mwa chupa na kulowesha karatasi, kwa hiyo lebo ikae chini au iwe ya plastiki. Ataona maandishi membamba hayasomeki chupa zikiwa zimepangwa juani. Akijaribu rangi, buluu itajitokeza vizuri kuliko nyekundu, maana mawese yana rangi ya chungwa, na buluu ndiyo rangi inayokinzana nayo. Kazi ya huyu wa pili ina majaribio matano yaliyokataliwa, na kila moja lina sababu. Mimi nikisahihisha, alama nazitafuta humo. (Na mama muuzaji apewe chupa moja yenye lebo mpya, tafadhali.)

Kuhusu tahasusi, yaani michepuo ya masomo ya kidato cha tano: tangu 2024 zimeongezwa, na za sanaa zimo. Si kila shule inazo, kwa hiyo mzazi ajiandae mtoto kupangiwa mkoa mwingine. Angalieni pia mnakoelekea. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa bunifu. Bagamoyo kuna TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Anayetamani usanifu majengo Chuo Kikuu Ardhi asiikimbie hesabu akidhani kuchora kutamtosha. Someni mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kabla ya kujaza Selform, ile fomu ya kuchagua tahasusi. Nimeshaona kijana mwenye kipaji akiugundua mlango uliofungwa baada ya matokeo ya kidato cha sita.

Mwisho ni utunzaji, jambo ambalo huliona dogo hadi masika yafike. Michoro iliyokunjwa chini ya godoro huota ukungu. Ilazwe bapa kati ya maboksi mawili yaliyokatwa, na kila kazi ipigwe picha kwa simu, tarehe ikiandikwa nyuma ya karatasi. Pigia karibu na dirisha, asubuhi, bila flashi.