Je, wajua kwa nini mzizi wa mandragora ulisemekana kupiga ukelele wa kuua?

Ukitaka kung'oa mandragora, walisema watu wa Ulaya ya zamani, usiuguse kwa mkono. Fukua udongo pembeni mpaka mzizi ubaki umeshikwa na ncha tu. Ufunge kamba, na upande wa pili wa kamba mfunge mbwa mwenye njaa. Sasa sogea mbali, ziba masikio, mrushie mbwa kipande cha nyama. Mbwa ataruka kuifuata, mzizi utang'oka, nao utatoa ukelele wa kumuua papo hapo anayeusikia. Atakufa mbwa, wewe utarudi kuokota dawa yako.

Masharti haya yalinakiliwa na kuchorwa kwa karne nyingi, tena na watu waliosoma. Wazo la mzizi wenye sauti lilitoka wapi? Umbo la mmea lilichangia, na sumu yake ilichangia zaidi. Lakini kwa maoni yangu mkono mkubwa kuliko yote ulikuwa wa watu waliokula na kuvaa kwa kuuza mzizi huo.

Mandragora huota katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania. Ni wa ukoo mmoja na nyanya, mbilingani, viazi mviringo na tumbaku. Kwa juu hauna la kutisha: hauna shina, majani yake mapana yenye makunyanzi hutoka moja kwa moja ardhini na kutandaa chini, katikati huchanua maua ya zambarau au ya kijani kilichopauka, kisha huja matunda ya mviringo, ya manjano, yenye harufu tamu. Maajabu yako chini. Mzizi ni mnene, unazama sana ardhini, na mara nyingi hugawanyika mara mbili katikati, ukawa kama kiuno chenye mapaja. Vijizizi vya pembeni vinapata kuwa mikono. Mtu akiufukua jioni, peke yake, akiwa tayari ameshasikia habari zake, haoni mzizi, anaona kiumbe.

Na watu wa kale waliamini kuwa kinachofanana na mwili kina nguvu juu ya mwili. Mzizi wenye umbo la mtu mzima ukawa dawa ya mtu mzima, hasa ya mapenzi na uzazi. Wasomaji wa Biblia wanakijua kisa cha Mwanzo 30: Reubeni mwana wa Lea anaokota matunda haya kondeni wakati wa mavuno ya ngano, na Raheli, ambaye hajapata mtoto, anamwachia Lea zamu yake ya kulala na Yakobo ili ayapate. Biblia ya Kiswahili imeyaita tunguja, ingawa mmea unaokusudiwa na wafasiri wengi ni huu wa Mediterania. La kupendeza katika kisa hicho ni kwamba aliyepata mimba baada ya biashara ile ni Lea, aliyeyatoa, wala si Raheli aliyeyachukua.

Umbo peke yake, hata hivyo, lisingetosha. Karoti nazo hugawanyika miguu miwili na hakuna aliyewahi kuziogopa. Mandragora uliogopwa kwa sababu ulifanya kazi kweli.

Dioscorides, tabibu Mgiriki wa karne ya kwanza BK, aliandika jinsi ya kuchemsha mzizi huu katika divai na kumpa mgonjwa kikombe kidogo kabla ya kukatwa au kuchomwa kwa chuma cha moto, ili asisikie maumivu. Hiyo ni nusukaputi, karibu miaka 1,800 kabla ya etha, dawa ya kumlaza mgonjwa, kutumiwa mbele ya hadhira ya madaktari mjini Boston mwaka 1846. Katika zama za kati matabibu wa Ulaya walikwenda mbele kidogo. Walilowesha sifongo katika mchanganyiko wa afyuni, mandragora na mimea mingine ya sumu, wakakianika juani mpaka kikauke, na siku ya upasuaji wakakirowesha tena kwa maji ya moto na kukiweka puani mwa mgonjwa. Kumwamsha walitumia siki. Kuna waliolala wakaamka, na kuna waliolala moja kwa moja, maana hakuna aliyeweza kupima nguvu ya mzizi mmoja ikilinganishwa na mwingine. Dioscorides mwenyewe alikuwa ameshaonya kwamba kinywaji hicho kikizidi kinaua.

Majeshi nayo yaliijua kazi yake. Frontinus, Mroma aliyekusanya hila za vita, anasimulia habari za Maharbal, kamanda wa Karthago, dola ya kale ya Afrika Kaskazini, aliyetumwa kuzima uasi wa Waafrika wa huko kaskazini. Alitia mandragora katika divai nyingi, akapigana kidogo, akajifanya amekimbia, akaiacha kambi na divai yake. Waasi wakanywa kwa furaha ya ushindi. Usiku Maharbal akarudi na kuwakuta wamelala wamejiachia chini.

Kinachofanya kazi hiyo leo kinajulikana. Mandragora una kemikali za aina ya atropini, hayosiamini na skopolamini. Mwilini mishipa ya fahamu hutuma ujumbe kwa kitu kiitwacho asetilikolini, na kemikali hizi hukalia nafasi ambazo ujumbe huo ulipaswa kupokelewa. Matokeo yake mate yanakauka mpaka kumeza kunashindikana, mboni za macho zinatanuka na mwanga unaumiza, jasho linakatika, ngozi inakuwa nyekundu na ya moto, moyo unakwenda mbio, mkojo unakataa kutoka. Kisha akili inahama. Mtu anaweweseka akiwa macho, anazungumza na watu wasiokuwepo, anasikia sauti.

Hapa ndipo ninapoona mbegu ya imani nzima. Mtu aliyekula mandragora na kupona alikuwa na ushuhuda wa kweli wa kutoa: alisikia sauti, aliona viumbe. Asiyejua habari za asetilikolini angesema nini? Angesema kuna pepo ndani ya mmea. Hildegard wa Bingen, mtawa Mjerumani wa karne ya 12 aliyeandika sana juu ya tiba, alifikia hapo hapo. Alieleza kuwa mandragora umetokana na udongo ule ule alioumbiwa Adamu, na kwamba kwa kufanana kwake na mtu, Shetani anaukaribia kuliko mimea mingine. Tiba yake ilikuwa kuuweka kwenye maji ya chemchemi mchana na usiku kabla ya kuutumia.

Lakini masharti ya kuung'oa yalikuwapo zamani zaidi, na yalianza madogo. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, aliyapata kutoka kwa wachimba mizizi wa Ugiriki, watu ambao kazi yao ilikuwa kuchimba dawa porini na kuziuza. Walimwambia kuwa mandragora huchorewa duara tatu kwa upanga, hukatwa ukiwa umeelekea magharibi, na kipande cha pili kikikatwa mtu mwingine lazima acheze kuuzunguka huku akisema maneno mengi ya mapenzi. Theophrastus aliyaandika yote, na akaona wazi kwamba mengine yalikuwa chumvi ya wenye biashara. Ningependa kila anayesoma vitabu vya tiba za kale ajue kwamba shaka hiyo ilikuwapo tangu mwanzo, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

Mbwa akaja baadaye. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza BK, anaeleza mzizi unaopatikana karibu na ngome ya Machaerus, mashariki ya Bahari ya Chumvi. Jioni unang'aa kama moto, mwenye kuugusa hufa, na njia salama ni kumfungia mbwa. Faida yake, anasema, ni kufukuza pepo. Hauiti mandragora, ila waliomfuata walivichanganya visa viwili vikawa kimoja. Ukitaka kuona mchanganyiko huo kwa macho, tazama kitabu cha Dioscorides kilichonakiliwa Konstantinopoli karibu na mwaka 512 kwa ajili ya binti wa ukoo wa kifalme, Anicia Juliana, na ambacho sasa kimehifadhiwa Vienna. Katika picha moja Dioscorides ameketi, na mbele yake mwanamke anayewakilisha Ugunduzi anamnyooshea mzizi wenye umbo kamili la mtu, mikono na miguu. Miguuni pake mbwa aliyefungwa kamba anaanguka kinyumenyume, anakata roho.

Ukelele bado haupo. Theophrastus hautaji wala Josephus hautaji. Katika karne ya 12 mshairi Philippe de Thaon, aliyeandika Kifaransa huko Uingereza, anasema mzizi ukivutwa na mbwa hulia, na anayeusikia hufa. Kwa hiyo sauti iliongezwa juu ya mbwa, kama vile mbwa alivyoongezwa juu ya duara tatu. Kila kizazi cha wauzaji kilikuta ulinzi wa zamani umechakaa, kikaweka mpya. Na ulinzi huo ulikuwa na maana ya fedha: mnunuzi anayeamini kuwa kuchimba ni kufa hatakwenda kuchimba mwenyewe, wala hatashangaa bei.

Baadaye huko Ujerumani ikasemwa kuwa mmea huota chini ya mti wa kunyongea, palipodondoka majimaji ya mwili wa aliyenyongwa. Watu wakavifunga vizizi kama vidoli, wakavivika nguo, wakaviosha kwa divai na kuvificha sandukuni ili vilete mali. Kuwa nacho kulikuwa hatari. Jeanne d'Arc, msichana Mfaransa aliyeongoza wanajeshi dhidi ya Waingereza, aliposhtakiwa Rouen, Ufaransa, mwaka 1431, moja ya mambo aliyoulizwa ni mandragora yake iko wapi. Alijibu kuwa hana na hajawahi kuwa nayo. Swali lenyewe laonyesha mahakimu walilichukulia jambo hilo kuwa la kweli.

Kwa kuwa mandragora haistawi kirahisi kwenye baridi ya kaskazini, soko lilijaa bandia. Mattioli, daktari Mwitalia wa karne ya 16, alieleza jinsi tapeli mmoja alivyomfichulia siri. Huchukuliwa mzizi mbichi wa mmea mwingine, kama brionia, ukachongwa kuwa mwanamume au mwanamke. Pale panapotakiwa nywele na ndevu hutobolewa, zikapandwa punje za shayiri au mtama mdogo. Mzizi hufukiwa mchangani mpaka punje zichipue, kisha hutolewa na vijizizi vile hukatwa kwa kisu kikali vikawa nywele. Wateja wake walikuwa wanawake waliotamani mtoto. Hapo ndipo kisa hiki kinaponiuma: hofu ya ukelele ilisaidia kuuza kijiti kisicho na dawa yoyote kwa mtu mwenye uchungu wa kweli.

Aliyeikata mizizi ya hadithi alikuwa John Gerard, mtunza bustani wa London, mwaka 1597. Aliandika kuwa yeye na watumishi wake wameng'oa, kupanda na kupandikiza mandragora nyingi, na umbo la mtu hakuliona: mara mzizi mmoja ulionyooka, mara miwili, mara sita au saba. Habari za ukelele na za mti wa kunyongea akaziita upuuzi wa kutupiliwa mbali.

Sumu haikuwa hadithi. Atropini ipo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hutumiwa moyo unapopiga polepole mno, na kwa mtu aliyepata sumu ya dawa za kuulia wadudu. Skopolamini huzuia kichefuchefu cha safari. Siku hizi hutengenezwa na kupimwa kwa milligramu, kazi ambayo hakuna mchimba mizizi aliyeiweza. Na mmea bado unaota pale pale ulipoota. Oktoba 2022, katika eneo la Napoli huko Italia, watu walikimbizwa hospitali wakiwa na vinywa vikavu, mboni zilizotanuka na maruweruwe, baada ya kula spinachi iliyochanganyika na majani ya mandragora.