Je, wajua kwa nini watu wanajifunza Kituruki, na kwa nini Mswahili haanzi mikono mitupu?

Ukimwita askari "afande", umetamka Kituruki. Asili yake ni efendi, neno la heshima ambalo Waturuki wenyewe walilichukua kwa Wagiriki. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann von Wissmann aliajiri askari wa Kisudani mjini Cairo ili kupambana na Abushiri na wenzake katika pwani ya Tanzania ya leo. Askari hao walikuja na vyeo vya jeshi la Misri, jeshi lililofuata mtindo wa dola ya Uthmaniya, yaani dola ya Waturuki. Ndipo watu wa pwani wakamjua efendi, shaush na ombasha. Huyo wa mwisho kwa Kituruki ni onbaşı, yaani mkuu wa watu kumi.

Zamani Kituruki kilitufuata. Siku hizi sisi ndio tunaokifuata, na wanaokifuata wana sababu zao.

Kwa vijana wengi wa Afrika, sababu ya kwanza ni shule. Serikali ya Uturuki hutoa ufadhili uitwao Türkiye Bursları, na maombi hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka. Anayepata hulipiwa ada, bweni, bima ya afya na tiketi ya ndege, na hupewa posho ya kila mwezi. Kabla ya kugusa uhandisi au udaktari wake, huwekwa darasani mwaka mzima kusoma Kituruki, kwa kuwa kozi nyingi za vyuo vikuu vya huko hufundishwa kwa lugha hiyo. Mara nyingi darasa hilo huitwa TÖMER, jina lililotokana na kituo kilichoanzishwa na Chuo Kikuu cha Ankara mwaka 1984. Somalia ndiyo mfano ulio wazi zaidi katika ukanda wetu. Tangu Erdoğan, kiongozi wa Uturuki, alipozuru Mogadishu wakati wa njaa ya 2011, vijana wa Kisomali wamekwenda kusoma Uturuki kwa wingi, na leo Kituruki ni lugha ya kazi kwa Wasomali kadhaa hospitalini, jeshini na ofisini.

Sababu ya pili ni mzigo. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata nguo Istanbul anaijua Laleli, mtaa wa maduka ya jumla ulio jirani na chuo kikuu cha mji huo. Mlangoni pameandikwa toptan, yaani jumla. Gauni ulilolipenda huwezi kulichukua moja, wala huwezi kuchagua saizi zinazotoka haraka ukaziacha nyingine: unauziwa seri, fungu zima lenye saizi zote. Wauzaji wa pale wamezoea wageni tangu miaka ya 1990, Warusi walipokuwa wakija na masanduku matupu na kurudi nayo yamejaa, kwa hiyo bei utatajiwa hata kama hujui neno moja. Lugha inaanza kukusaidia baada ya bei. Rangi imebadilishwa kwenye fungu, kargo wamechelewesha mzigo, unaomba ulipe nusu na nyingine ukirudi. Hapo anayeweza kusema "Abi, son fiyat ne?" (kaka, bei ya mwisho ngapi?) na akaendelea kuzungumza huku chai ikiletwa, anasikilizwa kwa namna nyingine kabisa.

Wengine wamevutwa na tamthilia. Azam TV imezionyesha zikiwa na sauti za Kiswahili, na mtazamaji asiye na subira huzifuata mtandaoni kwa sauti zake za asili. Kabla hajajua, tamam (sawa) na evet (ndiyo) zimo kinywani. Huko Ujerumani sababu ni ya kifamilia zaidi: mkataba wa wafanyakazi wa mwaka 1961 uliwapeleka Waturuki wengi, na leo kuna wakwe, majirani na walimu wanaojifunza lugha ya watu wanaoishi nao.

Sababu hizo zinamfikisha mtu darasani. Ninachokipenda mimi ni kinachotokea akishaketi, hasa akiwa ametoka na Kiswahili nyumbani.

Mwalimu huandika ubaoni evlerimizden. Mwanafunzi wa Ulaya anaona neno moja refu la kutisha. Sisi tuliozoea kusema "hatutawapikia" tunajua la kufanya: tulikate. Ev ni nyumba, -ler ni wingi, -imiz ni yetu, -den ni kutoka. Kutoka kwenye nyumba zetu. Kiswahili hupanga mizigo yake mingi mbele ya shina na Kituruki hupanga nyuma, lakini ufundi ni uleule wa kuunganisha vipande vidogo ambavyo kila kimoja kina kazi yake.

Sasa tazama hili, maana watu wachache hulisema. Kituruki kinasifika kwa irabu zinazofuatana: nyumba zikiwa nyingi ni evler, vitabu vikiwa vingi ni kitaplar. Kiambishi hubadilika ili kipatane na irabu iliyotangulia. Wageni hulitolea jasho jambo hili. Lakini sema taratibu: pika, pikia. Funga, fungia. Kata, katia. Halafu: soma, somea. Leta, letea. Shina likiwa na e au o, tunasema -ea. Likiwa na a, i au u, tunasema -ia. Hakuna aliyekukalisha chini akakufundisha kanuni hiyo. Uliinyonya pamoja na maziwa. Kituruki kina kanuni zake, na zimeenea kuliko zetu, ila sikio lako limeshaonja kitu cha aina hiyo.

Maneno nayo yamekutangulia. Sabun, dakika, kalem, kitap, hesap, haber, dünya, asker: yote kwetu yapo, kwani lugha zote mbili zimechota kwa Waarabu. Hata maandishi yana historia inayofanana. Tenzi za kale za pwani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na Kituruki nacho kiliandikwa hivyo mpaka sheria ya Novemba 1928 ilipoleta herufi za Kilatini. Tangu hapo husomwa kinavyoandikwa, karibu kama chetu. Herufi ç ni ch, ş ni sh, na c ni j. Kwa hiyo cami, msikiti, ni ndugu wa jina la Msikiti wa Jamia wa Nairobi.

Jihadhari tu na ndugu waliobadilika tabia. Merhaba ni salamu ya kuanzia, si jibu la shikamoo. Zaman ni wakati wowote, hata wa kesho. Misafir si msafiri, ni mgeni. Na ukifikiri kidogo, mgeni ni msafiri aliyefika mlangoni kwako.

Katika jamaa, utajisikia uko kwenu. Kituruki hakimchanganyi dada wa mama na dada wa baba: wa kwanza ni teyze, wa pili ni hala, ambaye sisi tunamwita shangazi. Mjomba ni dayı, na baba mdogo au mkubwa ni amca. Ukimpita mtu yuko kazini unamwambia kolay gelsin, kazi ikuwie nyepesi. Mwenzangu, hiyo ni "pole na kazi"!

Ugumu upo. Kitenzi hukaa mwisho wa sentensi, nayo ı isiyo na nukta haimo katika irabu zetu tano. Kinachochukua muda zaidi ni -mış. Ukisema geldi, amekuja, unathibitisha. Ukisema gelmiş, umesikia kwa watu, au umeona viatu vyake mlangoni ukatambua: eti amekuja, kumbe amekuja. Ile "eti" na "kumbe" yetu, wao wameifunga ndani ya kitenzi. Ndiyo maana hadithi zao za kale huanza bir varmış, bir yokmuş, eti alikuwepo, eti hakuwepo, na mtoto akisikia hivyo hutulia, kama wa kwetu anavyotulia akisikia paukwa.