Je, wajua kwa nini barabara ya kupanda Lushoto ina kona nyingi, na namna kona hizo zinavyoipanga safari yako ya pikipiki?

Kutoka Mombo, pale barabara kuu ya Korogwe kwenda Same inapopita chini ya Milima ya Usambara Magharibi, hadi Lushoto mjini, kwa mstari ulionyooka hakufiki kilomita 15. Kwa barabara ni takriban kilomita 33. Tofauti hiyo yote imeliwa na kona, na mwendesha pikipiki akielewa kwa nini kona hizo zipo, atajua aondoke saa ngapi, asimame wapi na ashuke kwa gia gani.

Kati ya Mombo na Lushoto kuna karibu mita 1,000 za kupanda. Barabara inayopanda mita 10 katika kila mita 100 ina mwinuko wa asilimia 10, na lori lililojaa mzigo huanza kutaabika hata kabla ya kufika hapo. Mlima hauwezi kufupishwa, kwa hiyo mhandisi hurefusha njia. Anaipitisha ubavuni mwa mlima, na ubavu ukiisha anaigeuza irudi upande ilikotoka, ila sasa iko juu zaidi. Pale inapogeuka ndipo panapozaliwa kona kali. Barabara ya Stelvio huko Italia, iliyojengwa kati ya 1820 na 1825, ilitumia hesabu hiyohiyo: upande wake mmoja una kona kali 48, na waendesha pikipiki wa Ulaya huifuata kutoka mbali kwa ajili ya kona hizo.

Reli haikuweza hata hivyo. Magurudumu ya chuma juu ya chuma hayashiki vizuri kwenye mwinuko, kwa hiyo reli ya kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905 haikupanda kwenda Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Ilipoendelezwa baadaye kuelekea Moshi, ilipita bondeni, kando ya milima.

Wasambaa wenyewe hawakuhitaji mizunguko hiyo. Njia zao za miguu hukata mlima moja kwa moja na kuivuka barabara mara kwa mara. Hilo ni la kukumbuka unapoendesha, kwa sababu mama mwenye mzigo kichwani au watoto wanaotoka shule wanaweza kuchomoza ghafla kutoka kwenye majani, tena mahali ambapo hakuna kivuko wala alama yoyote.

Turudi kwenye kona yenyewe. Kwetu tunaendesha upande wa kushoto, na kwa sababu hiyo kona kali ya kushoto ndiyo yenye mtego. Upande wa ndani na wa nje wa kona hupanda kimo kilekile, lakini wa ndani ni mfupi, hivyo ni mkali zaidi. Unapopanda na kukata kushoto, wewe ndiye uliye upande wa ndani. Pikipiki ya cc 125 iliyoingia hapo na gia kubwa hukosa nguvu katikati ya kona, injini inazimika ikiwa tayari imelala, na dereva hana kasi ya kuinyanyua. Kwa hiyo gia ipunguzwe kabla ya kona, wakati pikipiki bado imesimama wima. Kona ya kulia ina nafasi zaidi, lakini huko hatari ni gari linaloshuka. Basi au lori refu haliwezi kugeuka bila kuchukua sehemu ya upande wako, hata dereva wake awe makini kiasi gani. Piga honi na umwachie nafasi.

Kuhusu mwendo, kuna hesabu moja inayofaa kukaa kichwani. Nguvu ambayo matairi yanatakiwa kuikamata kwenye kona haiongezeki sawasawa na mwendo. Ukitoka kilomita 30 kwa saa hadi 40 kwenye kona ileile, nguvu hiyo inapanda kwa zaidi ya robo tatu. Ndiyo maana mtu huvuka kona salama kila siku, kisha siku moja anaongeza mwendo kidogo tu na tairi linateleza. Kipimo kizuri ni macho. Tazama mbali, pale kingo mbili za barabara zinapoonekana kukutana. Pakisogea mbele kadiri unavyokwenda, kona inafunguka. Pakiwa panakukaribia, kona inazidi kujifunga, na ulitakiwa kuwa umeshapunguza.

Kwa hayo yote, mimi naona ni kosa kupanga safari ya mlimani kwa kilomita. Kilomita 33 za kupanda Lushoto si ndugu wa kilomita 33 za Korogwe. Fungua ramani ya simu inayoonyesha miinuko, angalia mistari ya kimo inapobanana, maana hapo mwinuko ni mkali, na hapo panga kwa saa. Kisha ongeza muda wa kusimama, kwa sababu mandhari ya Usambara hayaangaliwi ukiwa kwenye kona. Macho yakienda bondeni, pikipiki nayo inaelekea hukohuko.

Asubuhi ndiyo saa nzuri. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ukigonga milima hulazimika kupanda, na hewa inayopanda hupoa, kwa wastani nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000. Unyevu unageuka wingu, na wingu likikaa barabarani tunaliita ukungu. Mtu aliyeondoka Mombo akitoka jasho na fulana moja atatetemeka juu, na mikono iliyokufa ganzi haishiki breki vizuri. Beba koti hata kama bondeni kuna jua kali. Mvua za masika, Machi hadi Mei, huleta udongo barabarani kutoka kwenye kingo, na vuli nayo, Oktoba hadi Desemba, si ya kudharau. Jioni, jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, lakini kwenye mabonde yaliyobanwa na milima giza huwahi kuingia.

Pikipiki nayo huhisi kimo. Juu hewa ni nyepesi, na injini ya kabureta isiyo na mpangilio wa kujirekebisha hupata mafuta mengi kuliko hewa. Kila mita 1,000 huondoa karibu asilimia 10 ya nguvu. Ukimpakia abiria na begi, utaisikia tofauti hiyo kabla ya kufika Soni, mji mdogo ulio njiani kati ya Mombo na Lushoto. Mwambie fundi aangalie cheni, matairi na breki siku moja kabla, si asubuhi ya safari.

Soni, yenye maporomoko yake ya maji kando ya barabara, ndiyo kituo cha kupumzika cha wazi kabisa. Ukishafika Lushoto, tenga muda wa kwenda Irente, kilomita chache kutoka mjini, ambako ardhi inakatika ghafla na unaliona bonde likiwa karibu mita 1,000 chini yako. Mahali hapo panatazama upande wa machweo, lakini ukingoja jua lizame utashuka kwenda Mombo gizani. Basi lala Lushoto, au nenda mapema.

Kushuka ndiko kunakohitaji akili zaidi. Breki hugeuza mwendo kuwa joto, na ukiishikilia kona baada ya kona, joto halipati nafasi ya kutoka. Breki za ngoma hupoteza ukali. Zile za diski, oili yake ikichemka, hutoa mapovu na mkono wa breki unazama bila kukamata. Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, ili injini iizuie pikipiki, na breki itumike kwa vipindi vifupi kabla ya kona. Wapo wanaoweka frii na kuzima injini ili kuokoa mafuta. Mafuta wanayoyaokoa kwenye mteremko huo hayalipi hata bandeji.

Ukitaka kuendelea mbele ya Lushoto, kupitia msitu wa Magamba hadi Mtae, ni yapata kilomita 60 nyingine. Jaza tangi Lushoto, na waulize madereva wa mabasi yaliyotoka huko asubuhi hiyo njia ikoje.