Baba amepooza upande mmoja: nani amhudumie nyumbani?

Baba yuko Kongwa, ana miaka 78, alipata kiharusi. Sisi tuko Dodoma mjini. Tutafute dada wa kazi au muuguzi?

Kabla ya kutafuta mtu, angalieni kazi yenyewe. Baba anaweza kuoga? Kuvaa? Kwenda chooni? Kutoka kitandani na kukaa kitini? Kuzuia haja? Kula mwenyewe? Kama yote hayo anayaweza, ila kupika na kuchota maji vinamshinda, dada wa kazi anatosha. Akishindwa mawili au matatu, tafuteni mtu aliyefunzwa kuhudumia wazee, anayejua kumnyanyua bila kumvuta mkono uliopooza, maana kuuvuta huumiza bega. Muuguzi ni wa kidonda, katheta (mpira wa kutoa mkojo), sindano na mpira wa kulishia. Si lazima alale hapo. Mara nyingi inatosha aje kwa siku mlizopatana. Mwombeni leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Sare nyeupe anaweza kushona yeyote.

Lakini wifi yetu anaishi naye. Si anatosha?

Kwa kupika, sawa. Kumwogesha baba mkwe ni jambo jingine, na wazee wengi watakaa na uchafu kuliko kuvuliwa nguo na mkwe wao. Muulizeni baba mwenyewe. Kiharusi hakijamwondolea aibu. Mtoto wa kiume au mhudumu mwanaume atamfaa zaidi.

Kisha kuna usiku, ambao familia nyingi huusahau kwenye hesabu. Asiyeweza kujigeuza anahitaji kugeuzwa takriban kila saa mbili, la sivyo atapata vidonda vya mgandamizo makalioni na visiginoni. Aliyeamka hivyo usiku kucha hawezi kufua na kupika mchana. Wekeni zamu, hata kama ni kwa kumlipa kijana wa jirani.

Tumhamishie mjini?

Mazoezi ya viungo yatakuwa karibu. Lakini kama nyumba hubaki tupu asubuhi hadi jioni, mtakuwa mmemfungia tu.

Hataki maji. Mhudumu anasema ndivyo alivyozoea.

Uzeeni kiu hupungua hata mwili ukikauka, na ukame wa Dodoma mnaujua. Apewe kidogo kidogo, akiwa ameketi wima. Akikohoa au sauti ikiwa kama ina maji kooni kila anapokunywa, msimlazimishe: mpelekeni hospitali apimwe kumeza, kwani maji yanaweza kuwa yanaingia mapafuni.